Zamu Yetu ya Ndiva

Juzi mjukuu wangu alipanda kutoka Same na simu yake, akanisimamisha penye migomba. Yeye na wenzake wanatengeneza filamu fupi kama zile za mwanzo kabisa wa sinema: dakika moja, bila sauti, kamera haisogei. Mimi nikasimama wima, mikono ubavuni.

"Bibi, tembea basi! Hii si picha ya kitambulisho."

Tulicheka, lakini tangu siku hiyo situlii. Hata sala ya asubuhi naikatiza, Mungu anisamehe, akili ikikimbilia ndivani.

Ndiva ilikuwa bwawa letu la kumwagilia, huku juu Gonja. Maji yalijaa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Nilipokuwa mtoto wa shule, mwalimu wetu alikuwa na kamera ndogo ya kuzungushwa ufunguo kama saa, na mkanda uliobaki haukufika dakika moja. Akatangaza ataumalizia siku ya zamu yetu. Mimi nilimwaza Mama. Alikuwa akikohoa, kesho yake anapelekwa hospitali, nami nilitaka mwendo wake ubaki, ile namna yake ya kushuka bila haraka, jembe begani.

Basi watu wakaja na nguo za ibada, wamejipaka mafuta mpaka wanang'aa. Kumwagilia mahindi kwa koti!

"Fanyeni kazi kama kawaida," mwalimu akasihi.

"Mwalimu, nani anapigwa picha ameinama?" jirani yetu akamjibu.

Wakajipanga kwa urefu, wakabana pumzi. Mama naye. Nikamvuta khanga. "Mama, tembea, mkanda unaisha!"

"Tulia, utaniharibia sura," akanong'ona, midomo haichezi.

Kamera ikanguruma, ikanyamaza.

Mkanda ulisafishwa mbali, ukarudi baada ya miezi. Mama alikuwa ameshazikwa. Darasani tuliziba madirisha kwa mablanketi, na ukutani wakatokea watu wa kwetu, wamekauka kama nguzo, maji yakikimbia nyuma yao. Kisha nikajiona mimi, navuta khanga, narukaruka. Na Mama akageuka. Akainama, akanifunga kifungo cha shingoni, akatabasamu, akarudi kusimama wima. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Rudia, mwalimu," nikasema. Akarudia. Nikaomba tena na tena, mpaka akasema mashine imepata moto.

Mwalimu alihamishwa, akaondoka na mkanda wake. Ndiva imejaa tope na magugu, na wote waliojipanga pale wametangulia. Namshukuru Mungu kwa sekunde zile. Ila kila nikimaliza kushukuru, naona bado nina ombi lile lile.