Kaptula Fupi Mbele ya Mkwe

Jamani, kuna aibu ya kupita na kuna aibu ya kukaa, na hii yangu imekaa, kwa hivyo bora niitoe mwenyewe kwa kinywa changu kabla hamjaipata kwa watu wa Tiwi, maana wao huitia chumvi (ingawa kusema kweli haihitaji).

Ilikuwa miaka hiyo ya hamsini, nimehama Kinango na cherehani yangu, nimekuja Msambweni, mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, nina mke, nina kazi, rafiki sina hata mmoja. Mchana watu waja, fundi nipunguzie, fundi nitilie kiraka, nami nacheka nao vizuri, lakini ikisha sala ya alasiri wote hao waenda kiwanjani kucheza mpira, nabaki mimi na cherehani twatazamana. Kuna wakati nilishikwa na homa siku tatu, na aliyebisha hodi ni mmoja tu, naye alitaka suruali yake.

Basi siku moja akaja Hamisi, mkausha mbata, nahodha wa timu. Golikipa wao alikuwa amekwenda kutafuta kazi Mombasa.

"Fundi, wewe mpira wacheza?"

"Nacheza sana," nikasema. "Golini." (Nilichagua golini kwa kuwa nilidhani huko hakuna kukimbia.)

"Jumamosi twaenda Tiwi. Ukituokoa, wewe ni mwenzetu. Ukitufungisha, mimi sikujui."

Mazoezi ya siku nne hayakuwa mabaya. Wakaanza kuniita kahawani, na beki wetu Mbwana siku moja akanimegea muhogo aliokwisha kuuma yeye mwenyewe, nami nikaula kama niliyepewa nyama ya arusi.

Ujinga uliingia kwenye kaptula. Wenzangu wote walivaa zile za kufika gotini, nami nilishawaona wachezaji wa mjini wamevaa fupi, nikasema, mimi fundi bwana, nivae gunia? Nikashona ya kaki, nikakata inchi tatu juu ya goti, nikajitazama, nikaona bado, nikakata mbili tena. Mke wangu Mwanasiti angalinizuia, lakini alikuwa kwao kwa mamake, na kwao ni Tiwi hiyo hiyo. Nilijua, sikusahau. Lakini nilijiambia, mama mkwe na mpira wapi na wapi?

Tukaenda kwa lori la mbata. Mchezo ukawa mkali, watu wamejaa pande zote, na mimi Mungu alinisimamia, nikaokoa mara mbili, mara kwa mikono na mara kwa pua. Zikabaki dakika chache, hawajafunga, hatujafunga, Hamisi anapiga kelele, "Hivyo hivyo fundi! Hivyo hivyo ndugu yangu!" Ndugu yangu! Nilitaka kulia.

Ndipo nikawaona wanawake wanatoka arusini, wamevaa mabuibui yao, wanapita kando ya goli langu, wakasimama kutazama. Na katikati yao mwavuli mweusi wenye kiraka. Mwavuli ule naujua, kiraka nilikitia mimi.

Sasa ninyi mwajua mambo ya mkwe kwetu: ukikutana naye njiani wampisha, wachutama, waangalia chini, ndipo waamkia. Hata kofia hutaki akuone huna. Mimi nimesimama mapaja nje, yang'aa kwa jasho!

Nikaivuta kaptula chini, ikaja juu upande wa nyuma. Nikajificha kwenye mlingoti wa goli, mlingoti wenyewe mwembamba kama fimbo. Nikamwita Mbwana kwa sauti ya chini, "Njoo nisitiri, simama hapa mbele yangu." Mbwana, maskini, akadhani ni mbinu ya golikipa, akaja. Mchezaji wa Tiwi aliyekuwa akikabwa naye akabaki peke yake, akapewa mpira, akaja mbio, nami nikamtokea nimejikunja, mkono mmoja kwenye kaptula, nikamparamia mpaka chini. Refa akapiga firimbi. Penalti.

Hamisi akanisogelea mpaka nikasikia pumzi zake.

"Fundi. Simama katikati. Usisogee. Yule hupiga katikati siku zote."

Nikasimama katikati. Nyuma yangu nikasikia mwanamke asema, "Jama, huyo si mkweo, mume wa Mwanasiti?"

"La," mama mkwe akajibu. "Wangu mimi ana heshima zake."

"Ndiye! Mtazame vizuri!"

Nikageuza shingo kidogo tu, na mwavuli ule umenielekea. Wallahi sikuamua, magoti yalikunjika yenyewe. Nikachutama, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mpira ukapita juu yangu, pale pale ambapo kifua changu kingalikuwa.

Mwavuli ukashuka ukamfunika uso, ukaondoka.

Tukapanda lori kurudi. Tulipopita Diani, Hamisi akauliza bila kunitazama, "Ulikuwa ukimwamkia nani?"

"Mama mkwe."

"Ungalimwamkia baada ya penalti."

Hakuna aliyecheka. Mbwana, aliyekuwa amekaa nami, akasogea kando.

Siku tatu sikutia mguu kiwanjani. Ya nne akaja Hamisi, akasimama mlangoni, nikamwambia karibu kiti, akakataa. "Fundi," akasema, "nimetumwa na wenzangu." Nikajua yamekwisha, nikashika sindano ili nipate kuangalia chini.

Kabla hajaendelea, akaingia Mwanasiti, atoka kwao, na kifurushi. Akakiweka juu ya cherehani. Yadi tatu za kaki.

"Mama akusalimu," akasema. "Asema ikiwa kitambaa kimekwisha Msambweni, Tiwi kiko."

Hamisi alijaribu kujizuia. Alishika kizingiti, akatazama dari, kisha akateremka polepole mpaka akakaa chini, akacheka hadi machozi, na alichotumwa mpaka leo hajakisema. Alipoweza kusema, alisema hivi: "Na yangu mimi iongeze. Jumamosi twacheza Gazi, na Gazi ndiko nilikooa."

"Yako yafika gotini."

"Ifike kifundoni!"

Wakaja wote, mmoja mmoja, kila mtu na mji wake wa kuogopa, nami nikashona mpaka vidole vikaota sugu, na wao wamekaa barazani wananicheka. Golini walinitoa, wakaniweka beki. Nami nimeapa: mkasi wangu hautapita tena juu ya goti la mwanamume, na timu yoyote ikitualika, kabla sijauliza wanacheza vipi, nauliza kwanza huko kwao nani kaoa.