Mwanaidi Mfinyanzi na Jirani Yake Tatu

Asubuhi ile Mwanaidi alikaa uani kwake Sindeni, mguu mmoja ameunyoosha, chungu kibichi mapajani, anakisugua kwa kijiwe alichorithi kwa bibi yake. Mumewe, Abdi, alikuwa anakunywa uji. Hawakuongea la maana.

"Baba Husna, unaimwagia kanzu," Mwanaidi alisema tu.

Kijiwe kikamponyoka. Vidole vilikuwa vimevimba.

Abdi akatazama ng'ambo, kwa Tatu. Juzijuzi Tatu, mfinyanzi pia, aliazima kijiwe kile. Mfinyanzi gani huazima jiwe la mwenzake? Na Mwanaidi akampa, anacheka.

Siku zikapita, viungo vikamuuma Mwanaidi. Mashavu yakawa mekundu mpaka puani. Miguu ikajaa maji. Tatu akawa analeta uji. Abdi akawa anaumwaga nyuma ya choo.

Wakaenda hospitali, Korogwe. Daktari Paulina, binti mdogo, akawaeleza.

"Shikamoo mzee. Mwilini kuna chembe zinazotengeneza kinga. Kila moja ina vipokezi vya kuiamsha ipigane, na vingine vya kuituliza, kwamba huyu si adui, acha. Kwa mama, hivi vya kutuliza vimezidiwa. Kinga yake inampiga mwenyewe. Sasa imefika kwenye figo."

"Nani kavilegeza?"

"Hakuna mtu, mzee. Wengine huzaliwa na udhaifu huo, na jua huchochea. Chanzo chote hatukijui."

"Enhe. Chembe mnaijua, mtu hamumjui."

Mwanaidi akacheka kitandani mpaka akakohoa. "Mzoee, daktari. Huyu hata kuku akifa anauliza alidonoa kwa nani."

Alipewa dawa, figo hazikupona. Akazikwa Sindeni.

Baada ya hitima akaja Hashim, mdogo wake Abdi. Kuna mganga kule Mazinde, akasema, atamtaja aliyeua mbele za watu. "Wewe kubali tu, kaka. Tatu hatakaa tena kijiji hiki."

Tatu alikuwa palepale uani, anaosha masufuria ya msiba. Alisikia. Hakuinua kichwa.

Abdi alimtazama Tatu sana. Hakumwamini. Mpaka leo uji wake hanywi. Lakini alimwambia Hashim aende zake, na mganga asije. Maana kule Korogwe, maneno ya mwisho mwisho, Mwanaidi alimshika mkono wa kanzu akamwambia:

"Baba Husna, Tatu umwache. Ulimsikia daktari: wanaonipiga ni wa damu yangu, nimewazaa mwenyewe. Wamekosa tu wa kuwaambia basi."