Breka niliyoitukana wiki nzima

Leo nimeiomba radhi breka ya jikoni.

Wiki nzima naitukana. Nikiwasha jiko la umeme na pasi kwa pamoja, inajizima. Naiwasha tena, inajizima.

Nikanunua breka kubwa zaidi, nikamwita mama mmoja fundi umeme wa hapa Kihonda. Baada ya shikamoo nikamkabidhi aifunge.

Hakuipokea. Alizima umeme, akafungua soketi ya jikoni. Ganda la waya lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi.

"Mwanangu, breka inalinda waya, na huu wako ni mwembamba. Ukiweka breka kubwa haitajizima, ila waya utawaka humo ukutani."

Upande wa pili wa ukuta huo kuna kitanda cha wanangu.



Asante sana, mama. Pasi nimeihamishia sebuleni, ambako kuna breka yake.

Na wewe, yako unaitukana tangu lini?