Mkaguzi wa Kahawa Nyekundu

Mume wangu Mwirigi alikuwa mkaguzi wa kahawa katika kiwanda chetu kule Githongo, na kwa jinsi alivyojiona ungedhani ni yeye aliyeumba rangi nyekundu. Sisi wanawake tulimwaga magunia kwenye turubai tukachambua, naye akipitapita na kifimbo chake. Akiona tunda moja la kijani, anakurudisha mwanzo. Mimi alinirudisha kuliko wote, ili watu waseme hapendelei.

Mwaka wa 2004 alipatikana na kifua kikuu, juu ya kisukari alichokuwa nacho tangu zamani. Alipoanzishiwa dawa, muuguzi Felicitas alimwambia mbele yangu, "Mzee, sukari imeguza figo zako, kwa hivyo dawa moja hapa inaweza kaa kwa mwili iumize macho. Ukiona nyekundu na kijani zinachanganyikana, kuja siku hiyo hiyo. Usingoje clinic."

Akaitikia kwa adabu zote. Na vidonge alimeza bila kukosa, hilo simnyimi.

Oktoba, mavuno yalipopamba moto, nikamwona anainama na kubinya matunda kwa vidole. Mbivu hulainika, mbichi huwa ngumu kama kokoto. Wenzangu wakasema mkaguzi amezidisha ukali. Ukali gani! Alikuwa hajui tena ipi ni ipi, mkaguzi mzima, anapapasa kahawa kama aliyeangusha shilingi gizani.

Nyumbani nikamwambia, "Baba Mwendwa, twende kwa Felicitas."

"Hii ni sukari tu, Mama Mwendwa. Nitaacha ugali, itashuka. Nikienda huko, yule Kirimi anayemezea mate kifimbo changu atasikia macho yameisha, na kamati ya kiwanda itampea kazi yangu."

Basi akaacha ugali, akaendelea na vidonge. Bwege! Chakula kisicho na kosa alikinyima tumbo, na kile alichoonywa akakimeza kwa uaminifu. Dawa alizifuata kliniki peke yake, na akiulizwa huko kuhusu macho anajibu yuko sawa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, wapi.

Desemba, kamati ilikuja kukagua kiwanda. Mbele yao akaona haya kuinama na kubinya. Alisimama wima juu ya lundo la Njoki, jirani yetu, lundo jekundu tupu, akaligonga kwa kifimbo.

"Hii yote ni mbichi. Chambua upya."

Njoki alidhani ni mzaha. Kisha watu wakaangua kicheko, na Kirimi ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo alipokubali kwenda hospitali, maana hakuwa na cha kuficha tena. Daktari wa macho alimwonyesha kadi za rangi, akazikosa zote.

"Hii shida ilianza lini, mzee?"

"Juzi tu, daktari."

Uso wa daktari ukachangamka. "Basi uko na bahati. Tukisimamisha hii dawa mapema, mara nyingi macho hurudi."

Mwirigi akainua kidevu. Nilimtazama, anamdanganya mtu anayetaka kumwokoa, ili tu asionekane mjinga. Nilimdharau siku hiyo kuliko siku zote za ndoa yetu, na machozi yalikuwa yakinitoka.

"Si juzi, daktari," nikasema. "Ni tangu Oktoba."

Daktari aliisimamisha dawa palepale. Kuhusu macho kurudi, hakusema tena.