Ananipa au Anipe

Niliondoka Mabatini, mjini Mwanza, kwa sababu sikumwamini mjomba wangu. Nasema hivi mapema, msomaji asije akadhani nilisafiri kwa wema. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango, viwanda vya minofu vikaota ufukweni Mwanza, na kila mzungu aliyeonekana mjini tulisema anatafuta sangara. Mke wa mjomba aliniandikia kwamba Mwitaliano mmoja amesimama mbele ya wavuvi na kutangaza kuwa mjomba Masanja anampa mwalo. Mwalo ni pale mitumbwi yote ya kijiji inapofikia na samaki kuuzwa. Ni wa wote, na mjomba alikuwa mwenyekiti wake tu. Kikao kingekuwa Jumamosi, na akionekana ameuuza, hatatia tena mtumbwi majini pale.

"Wewe unajua lugha ya huyo mtu," barua ilimalizia. "Njoo."

Naijua kweli. Nilipika miaka sita jikoni kwa masista wa Kiitaliano, na mmoja wao alinifundisha sarufi huku tukimenya viazi.

Ijumaa asubuhi, Kigongo. Feri ilikuwa ng'ambo, tukangoja. Mwanamume mwenye mwavuli mpya aliniuliza naelekea wapi. Mwavuli mpya kiangazi! Nikamwona ni mtu wa mzungu huyohuyo, nikamwambia naenda msibani.

"Pole, dada. Nani kafariki?"

Ikabidi nimuue shangazi ambaye sikuwahi kuwa naye. Yule bwana alitoa rambirambi za heshima, nami nikazipokea nikizidi kumshuku.

Busisi, saa tano. Nilipata lifti kwenye lori la barafu lililokuwa likifuata samaki. Dereva alikuwa na habari zote.

"Mwalo ule umeshauzwa."

"Nani kakwambia?"

"Mzungu mwenyewe kasema kwa mdomo wake, tena kwa Kiswahili."

Nilifika kwa mjomba alasiri. Kabla ya kutazama watu nilitazama paa, kama lina bati jipya. Lilikuwa nyasi zilezile. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akaniletea chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Hata sukari niliitilia shaka. Pembeni, chini ya kitenge, kulikuwa na kitu kikubwa. Nikafunua: injini ya boti, bado inang'aa.

"Ya nani hii, mjomba?"

"Ya mzungu."

"Na humu inafanya nini?"

"Imelala," akajibu, akabadilisha mazungumzo.

Usiku ule niliamini ameuza, na nikaona aibu kwa ajili ya marehemu mama yangu, dada yake.

Jumamosi, saa nne, mwaloni. Watu walijaa mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Mwitaliano alikuja na pikapu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na upole wake sikuupenda. Wazee walimwambia arudie maneno yake.

"Mimi naleta injini," akasema taratibu, "kwa sababu Mzee Masanja ananipa mwalo."

Kelele zikapanda. Mjomba alisimama akaapa hajampa mtu kitu, na hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye lile "kwa sababu". Masista nao walikuwa hivyohivyo. Walikuwa wakiniambia, "Funga mlango kwa sababu mbuzi haingii," wakimaanisha asiingie. Kwao neno ni moja, *perché*. Likitangulia kitenzi cha kawaida ni "kwa sababu", likitangulia kitenzi cha nia ni "ili".

Nikanyoosha mkono, nikamwambia kwa Kiitaliano aseme kwa lugha yake. Alishtuka, kisha akasema. Nilimfanya aseme mara tatu, maana sikumwamini yeye wala masikio yangu. Mara zote tatu alisema *perché mi dia*.

"Angesema *mi dà*, ni ananipa," nikawaambia watu. "Kasema *mi dia*. Ni anipe. Nasi tunabadili mwisho wa neno vivyo hivyo. Kaleta injini ili mjomba ampe mwalo. Hajapewa."

Mwitaliano akashika kichwa. "Ili! Ndiyo, ili!" Watu wakacheka, na mimi nikajiona wakili.

Mama Kabula, mkausha dagaa, hakucheka. "Basi injini ilikuja kuutafuta mwalo," akasema. "Nawe, Masanja, ulipoipokea ulijua inatafuta nini?"

Mjomba aliitazama pikapu. "Nilijua," akasema. "Sikumpa. Lakini nilijua."

Akaenda nyumbani, akarudi na injini begani, akaitia mwenyewe kwenye pikapu. Wazee walimwachia mtumbwi wake. Uenyekiti walimpa mwingine siku ileile, na mzungu akaondoka bila mwalo.

Jumapili asubuhi, Busisi. Mjomba alinisindikiza hadi kivukoni, kamfunga sangara mkavu kwenye jani la mgomba kwa ajili yangu. Feri ilipokaribia akaniuliza, bila hasira:

"Mwanangu, ulikuja ili unisaidie, au kwa sababu ulidhani nimeuza?"

Nilijifunza safari ile kwamba lugha nyingine humpa mtu neno la kujifichia, na kwamba sarufi inayomsafisha mtu inaweza kumwacha uchi. Kiswahili hakikuniachia pa kujificha.

"Kwa sababu nilidhani umeuza, mjomba."

Akatikisa kichwa polepole, akanikabidhi samaki wangu, akageuka kupanda mlima. Nilimwita, lakini feri ilikuwa imeshapiga honi.