Lokole Kabla ya Chuma

Katika bohari ya bandarini Kisangani, miaka ya hamsini, saa za kazi zilitangazwa kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Mtu alikigonga kwa nyundo: asubuhi tuingie, adhuhuri tukale, jioni twende nyumbani. Wenzangu walikichukia asubuhi tu. Mimi nilikiogopa kutwa, kwa kuwa nina kifafa, na kifafa changu huitikia kelele za ghafla upesi kuliko mimi ninavyoitikia jina langu.

Nilikuwa karani kijana, nimetoka shule ya mapadre, nina tai moja na maoni mengi. Chuo kikuu kilikuwa bado mbele yangu. Mzungu mkuu wa bohari hakujua habari za ugonjwa. Angejua, angenifukuza siku hiyohiyo. Wapagazi nao waliamini kwamba povu la mwenye kifafa humwambukiza anayeligusa. Basi nikajitibu mwenyewe. Nilichomoa pamba katika marobota niliyoajiriwa kuyalinda, nikaziba masikio. Chuma kikapungua makali. Bahati mbaya mkuu naye akapungua sauti. Aliniita, sikuitika, akaniona mwenye kiburi. Kiburi nilikuwa nacho, lakini si kwa sababu hiyo.

Siku moja niliisahau pamba. Chuma kikalia, nikaanguka nyuma ya marobota. Nilipozinduka, kapita, msimamizi wa wapagazi, Mlokele wa makamo aliyekaa Lubunga ng'ambo ya mto, alikuwa ameketi chini, kichwa changu kiko pajani mwake na mate yangu yako mkononi mwake.

"Papa, usiniguse," nilisema.

"Minakwisha kukugusa. Bon, tukianguka sisi wawili, nani atafunga mulango?" Akajifuta kwa suruali. "Ni ile chuma?"

"Ni ile chuma."

"Donc, utaambiwa kwanza, kisha ipigwe."

Kesho yake alikuja na lokole, lile gogo lililochimbwa ndani ambalo Walokele hupelekeana nalo habari mtoni. Alimwambia mkuu kwamba litawachangamsha wapagazi. Tangu hapo, kila mara kabla ya chuma alilipiga kidogo. Ilikuwa sauti nene, ya mti, isiyochoma popote kichwani. Nikiisikia, nilitoka taratibu kama mtu mwenye shughuli, nikaenda kujibana kati ya magunia ya kahawa uani, vidole masikioni, mpaka chuma kimalize ujeuri wake. Sikuanguka tena. Niliacha kuiba pamba. Mkuu alipenda sana lokole. Ilipolia alichezesha mguu chini ya meza.

Nikajiona nimeificha siri yangu kwa akili nyingi. Halafu Jumapili moja nikavuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga kununua samaki. Mama muuzaji alinitazama tai, akacheka.

"Ee, ni weye! Mutoto wa karatasi!"

"Unanijua wapi, mama?"

"Lokole inakuitaka kila siku. 'Mutoto wa karatasi, mwenye masikio sawa yai, jitenge, chuma inakuja.' Masikio yako inaendelea muzuri?"

Wanawake wote pale ufukweni wakainua vichwa kuyatazama masikio yangu. Mimi si Mlokele. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimesikia mdundo tu.

Jumatatu nilimvamia kapita. "Papa, umenitangaza! Lubunga nzima inajua!"

"Lubunga tu?" Alionekana kusikitika. "Alors upepo haikuwa muzuri."

"Mkuu akisikia nitafukuzwa!"

"Anasikiaka kila siku, leki, mudogo yangu. Anazani ni muziki. Tena mimi nilitaja masikio, kichwa sikutaja. Lokole haijui kunong'ona. Weye ulitaka nini, nikuandikie barua?"

Nilirudi kwenye hati zangu, jambo lililompendeza. Lakini kwa siku kadhaa nilifanya kazi kama mtu aliyekalia kiti kilichovunjika mguu.

Kisha kapita akafiwa na shangazi, akabaki matangani kwao Lubunga. Asubuhi ile niliwahi kujificha mapema. Adhuhuri ilipokaribia, mkuu aliniita mezani kwake kukagua hati za mizigo. Sikuwa na pamba. Kupitia mlango nilimwona mpagazi akiokota nyundo. Ningesema nini? Nikisema, kazi imekwisha. Nikinyamaza, nitaanguka miguuni pa mkuu, na kazi imekwisha vilevile.

Ndipo sauti ikaja kutoka ng'ambo ya maji, nene, bila haraka. Matangani lokole haikosekani, na kapita alikuwa ameiazima kidogo kwa marehemu. Wakati huo nilikuwa nimejifunza maneno yangu yote, mpaka yai.

Mpagazi, aliyeyajua kabla yangu, aliishusha nyundo akanisubiri. Mkuu akaanza kuchezesha mguu.

"Samahani, msyee," nilisema, nikatoka taratibu kuelekea kwenye magunia yangu, huku mto mzima ukijua ninakokwenda.