Upande Uliokatazwa Melini

Boti la kwenda Kazimia likiwasha injini pale ufukweni Baraka, mji wetu wa Fizi kando ya ziwa, moshi wa mazutu, dizeli ya injini, huja puani umechanganyika na harufu ya ndakala, dagaa wa kwetu, waliokauka. Wengine huziba pua. Mimi hujikuta natafuta mahali pa kukaa vizuri, ingawa sisafiri.

Nilizaliwa kambini, Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Siku ya kurudi Fizi, kwetu ambako sikuwahi kukanyaga, tulipandishwa kwenye meli kuukuu. Wazee walisema katika ujana wake ilikwenda kwa mvuke, ikila kuni kuliko jiko la arusi. Kabla hatujapanda, mtu mwenye kipaza sauti alitufundisha adabu za abiria: kaa ulipoonyeshwa, usitupe kitu majini, na zaidi ya yote, msihamie wote upande mmoja, meli italala. Mama akaongeza yake: "Mwenye kusumbua atarudishwa peke yake kambini." Wakubwa walicheka. Mimi sikucheka.

Nilikaa mikono magotini. Nilibana mkojo. Hata kujikuna, nilihakikisha kwanza kwamba hakuna baharia anayenitazama. Mama mmoja jirani yetu akasema, "Mutoto huyu iko na adabu, kama sista!" Sifa hiyo ikanizidishia mzigo: sasa ilibidi niwe hivyo mpaka mwisho.

Asubuhi mtu aliyeiona rasi ya kwetu akapiga kelele, "Ubwari! Ubwari ile!" Watu wakainuka kwa pamoja. Bamama wenye watoto mgongoni, mchungaji na Biblia yake, mzee wa mkongojo, wote mbio upande wa kushoto. Sakafu ikainama. Kikombe cha bati kikabiringika mbele ya miguu yangu.

"Jamani, rudini! Mnatulaza! Hamna adabu?" baharia alifoka.

"Adabu tuliacha ku kambi, kijana!" mzee wa mkongojo akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Mimi nilibaki upande wa kulia, nimeshika chuma kwa mikono miwili, nikiamini kabisa kwamba uzito wangu ndio unaoizuia meli isipinduke. Koko, mama wa mama yangu, alikuwa amebaki ameketi kando yangu.

"Wende uangalie," akasema.

"Koko, wamekataza."

"Mi macho yangu imekwisha. Bila we, nitafika kwetu bila kuiona. Wende uniangalilie."

Moyo ulinipasuka katikati. Nikienda, nitarudishwa. Nisipoenda, Koko ataikosa milima aliyotusimulia miaka yote. Niliachia chuma kidole kimoja kimoja. Nikatembea kama anayekanyaga mayai, nikapenya chini ya makwapa ya watu.

Milima ilikuwa imetoka majini wima, ya kijani, mashamba yamening'inia ubavuni.

"Ni mikubwa, Koko!" nilipaza sauti. "Kuna nyumba chini ya michikichi!"

"Sema tena, sisikie!"

Nikasema tena. Nikasema mpaka sauti ikakauka na baharia nikamsahau. Mkojo nao ulinitoka kidogo, sikujali. Meli haikulala, na hakuna aliyenirudisha popote.

Tulipokwisha kuzoea Baraka, jioni moja Koko alikuwa mlangoni akiangalia ziwa. Boti dogo lilikuwa mbali sana, mimi naliona kama punje. "Ule ni baba ya bapacha," akasema. "Leo amepata samaki, angalia namna boti imezama kwa uzito." Baba wa mapacha, mvuvi jirani yetu, alipofika, kweli, boti lake lilikuwa limejaa samaki. Macho ya Koko ya karibu tu ndiyo yaliyochoka. Ya mbali yalikuwa ya mwewe.

Kwa miaka sikulifikiria sana jambo hilo. Leo najua kwamba asubuhi ile alikuwa na hamu ya milima yake kuliko wote waliokimbilia kushoto, na kwamba angeweza kuiona vizuri. Lakini aliketi, akaipa mgongo, apate sababu ya kunituma, kwa sababu hakutaka mjukuu wake aingie kwao kama mgeni anayeomba ruhusa.